Mtoto wa miaka mitatu hatulii kusomewa kitabu: jibu langu

Dada, umesema mwanao ana miaka mitatu, unamnunulia vitabu vya picha, lakini ukianza kumsomea anafunua kurasa ovyo na kurukia picha anayoitaka, hadi unaona hapendi kusoma. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Mwanza, na wanangu wawili nimewasomea tangu hawajajua kukaa. Kwa unavyoeleza, huyo mtoto anakipenda kitabu sana. Anachokataa ni kunyamazishwa.

Kitabu cha picha kwa umri huo ni cha kuzungumzia. Maneno yaliyoandikwa chini yaache kwanza. Mpakate, mpe kitabu afunue mwenyewe, angalia kidole chake kinatua wapi, na maongezi yaanzie hapo hata kama ni ukurasa wa mwisho.

Kazi kubwa iko kwenye swali. Mzazi akiuliza "Hii nini?" mtoto anajibu "Mbuzi", basi, maongezi yamekwisha. Darasani kwangu kuna kitabu chenye picha ya soko: mama ameinama chini ya meza ya nyanya, mbuzi kasimama nyuma yake. Nikauliza, "Huyu mama anatafuta nini?" Mmoja akasema hela imeanguka, mwingine akasema kuna mtoto amejificha, wa tatu akasema mbuzi atamaliza nyanya zote na mama atalia. Wote wamepata. Mwanao akisema "Mbuzi anakula", mrudishie maneno yake ukiwa umeyarefusha kidogo: "Ee, mbuzi anakula nyanya za mama. Mama akigeuka atafanyaje?" Halafu nyamaza. Hapa ndipo watu wazima wengi wanaposhindwa, wanauliza na kujijibu wenyewe. Mtoto mdogo anahitaji muda wa kuyatafuta maneno, na huo muda ndio unaomfundisha.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani kwa watoto wa miaka miwili hivi. Wazazi wote waliwasomea watoto nyumbani kwa mwezi mmoja, ila kundi moja lilifundishwa kuuliza maswali ya wazi, kuongezea juu ya jibu la mtoto na kumsifu. Watoto wa kundi hilo wakawa wanatoa sentensi ndefu kuliko wenzao.

Ndiyo maana huwa nawaambia wazazi kwamba bibi asiyejua kusoma asiwekwe pembeni. Paukwa pakawa anaijua kuliko mimi mwalimu, na picha haidai herufi. Kama nyumbani mnaongea Kisukuma au Kihaya, kizungumzeni hichohicho. Hata kitabu cha Kiingereza ulichopewa zawadi, picha zake zisimulieni kwa lugha mnayocheka nayo.

Akitaka kitabu kilekile kila usiku, mpe. Akishakizoea ataanza kukusimulia wewe, na hicho ndicho tunachokitafuta. Siku umechoka, kurasa mbili zinatosha.

Kuhusu gharama uliyouliza: African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini uliozinduliwa 2014, una hadithi za picha za Kiswahili bure kwenye tovuti yake, na kuzichapa inaruhusiwa. Chagua za ngazi ya chini, zenye neno moja au sentensi moja kila ukurasa. Peleka mbili tatu stesheneri wakuchapie kwa rangi, zishone ubavuni kwa uzi, kisha jalada livishe nailoni ya kufunikia madaftari, maana zitavutwa na kumwagiwa uji. Kumfungulia kwenye simu sishauri kwa umri huu. Kidole kikigusa pembeni hadithi imepotea, naye ameshahamia kwenye katuni.

Niambie anapenda nini zaidi, magari, kuku au kuchezea maji, nikutajie hapa hadithi za kuanzia.