Anza na Mtunya, kambi itafuata

Wewe unayeanza kukusanya kumbukumbu za kambi za mateka za Vita ya Kwanza ya Dunia huku Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, usiingie kijijini ukiuliza, "Kambi ya mateka ilikuwa wapi?" Mimi niliuliza hivyo Kilimatinde siku nne, nikaondoka na daftari tupu. Wazee hawakuwa wamesahau, ila neno langu halikuwa lao. Amkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kaa, kisha uliza habari za vita vya Mjerumani, ndivyo wanavyoiita vita hiyo, na njaa ya Mtunya iliyoifuata. Hapo babu atakusimulia aliyoyasikia kwa babu yake: ng'ombe waliochukuliwa, mtama uliokombwa ghalani, vijana waliokamatwa kuwa wapagazi wasirudi. Mzungu aliyefungwa bomani atatokea humo humo, katikati ya simulizi.

Ya vitabuni yajue kabla hujaenda. Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza Kilimatinde na Tabora, na walimu Waafrika wa misheni nao wakafungwa, wengine kwa minyororo. Dodoma ilitekwa mwishoni mwa Julai 1916. Septemba Wabelgiji wakaingia Tabora na mateka wakawa huru. Mtunya ikafuata, 1917 hadi 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamekwisha kuchukua chakula na nguvu kazi, mvua nazo zikakata. Inakadiriwa Wagogo 30,000 walikufa, katika watu wapatao 150,000. Mzee akianza na njaa ukadhani ametoka nje ya mada, mwache aendelee, kwa sababu hiyo ndiyo mada yenyewe.

Kondoa uwe mwangalifu. Ukitajiwa "kambi ya Wazungu", mara nyingi ni ya Wapolandi wa vita ya pili, wakimbizi waliotoka Urusi wakapitia Uajemi. Hao hawakuwa mateka. Andika kando.

Sasa igizo, maana shule nyingi hulipenda. Mwaka wa kwanza niliwapanga wanafunzi: askari, mateka, bwana mkubwa wa boma. Tuliwaalika wazee. Katikati ya onyesho bibi mmoja akasimama, akauliza, "Wajukuu zangu, na waliobeba mizigo wako wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma barua za wafungwa Wazungu, ambao waliandika. Wapagazi hawakuandika, nami nikawaacha nje kana kwamba unga wa bomani ulijileta wenyewe. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo onyesha igizo kwa wazee wakati wa mazoezi, kabla ya siku ya wageni. Usimfunge mtoto mnyororo. Mwenye babu aliyefungwa yumo humo ukumbini. Na panga safari zako baada ya mavuno, kuanzia Juni, wakati watu wana nafasi ya kuketi.

Mwaka uliofuata tulianza na safu ya wapagazi. Yule bibi alikuja mbele bila kuitwa, akaishusha ngata kichwani kwa mtoto wa kwanza, akaikunja upya, akasema, "Hivyo ulivyoiweka, hufiki hata Manyoni."