Barua kwa Daktari: "Wanasema magonjwa ya ndani ni maneno matupu"

Mwezi huu sanduku limejaa wanafunzi wa udaktari. Nimechukua barua tatu zinazohusu jambo moja: kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yule anayetibu watu wazima kwa dawa, si kwa upasuaji. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenichokoza. Wengine wawili wasininunie.

Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa nne. Nimemaliza wiki nane kwenye wodi ya magonjwa ya ndani na nimeipenda mno, ila kila nikisema hivyo wenzangu wanacheka. Wanasema kazi hii ni maneno matupu: daktari wa upasuaji anakata, anatoa uvimbe, mgonjwa anarudi nyumbani. Sisi tutaishia kusimama kando ya kitanda kwa muda wa saa tatu tukibishania sodiamu, ile chumvi ya kwenye damu. Nami nina shaka yangu: nimeipenda kazi, au nimempenda mwalimu aliyetufundisha? Nitajuaje?

Marahaba, mwanangu. Hiyo ya sodiamu ni kweli tupu, tunabishana. Ila waambie wenzako kwamba sodiamu iliyoshuka kwa muda mrefu ukiipandisha kwa pupa unaweza kumharibu mgonjwa ubongo, moja kwa moja. Wakishacheka, waulize wao wangeipandisha kwa kasi gani.

Sasa nikusimulie. Nilipokuwa daktari mtarajali, usiku mmoja alilazwa mzee aliyekonda, anatapika, presha iko chini, hata kuketi hawezi. Niliandika faili safi kabisa: maambukizi ya tumbo, atundikiwe dripu, apewe antibiotiki. Nilijivunia hata mwandiko. Asubuhi kwenye raundi bosi wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Nyumbani anapenda kula nini?" Sikujua. Akasema tutakutana kitanda cha mwisho, akaondoka na wenzangu, akaniacha pale na aibu yangu.

Nikavuta kiti. Binti wa mzee alisitasita, kama anayemsengenya baba yake, kisha akasema: "Siku hizi anaramba chumvi. Anaimimina kiganjani, anairamba." Nikakigeuza kiganja. Mistari yake ilikuwa imeiva weusi usio wa kawaida. Fizi nazo zilikuwa na mabaka, na kovu jipya gotini lilikuwa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka. Maabara walileta sodiamu iliyo chini na potasiamu iliyo juu. Tezi zake mbili zinazokaa juu ya figo zilikuwa zimekufa, ugonjwa alioueleza daktari Mwingereza Thomas Addison mwaka 1855, na mwili ulikuwa unapoteza chumvi kwenye mkojo na kuililia mdomoni. Tulimpa haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la homoni ya tezi hizo, bila kungoja majibu ya kipimo cha homoni. Jioni ya siku iliyofuata alikuwa ameketi, anagombana na binti yake kuhusu mto.

Kinachonichoma hadi leo ni kwamba kiganja kile nilikuwa nimekishika mwenyewe usiku ule, nikitafuta mshipa wa kuweka dripu.

Basi wanaosema kazi yetu ni maneno wamesema kweli, wamekosea tu kuongeza "matupu". Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walichapisha hesabu ya wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya magonjwa ya ndani. Kwa wagonjwa 66, barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa mwenyewe vilitosha kufikia jina la ugonjwa lililokuja kubaki hadi mwisho. Kumpima mgonjwa kwa mikono kuliongeza jibu kwa 7, maabara na picha kwa 7 wengine. Mashine zimebadilika sana tangu hapo, lakini bado mtu ndiye anayeamua ni kipimo gani kiombwe, na anaamua kwa alichosikia.

Kuhusu mikono, wasikutishe. Tunachoma uti wa mgongo kuchukua maji, tunatoa maji yaliyozunguka mapafu na yaliyojaa tumboni. Ukibobea kwenye mfumo wa chakula utashinda umeshika kamera ya kuchungulia tumbo. Ukibobea kwenye moyo utapitisha mrija kwenye mshipa wa mkononi mpaka kwenye mishipa ya moyo. Wapo pia wasioshika chochote zaidi ya kalamu na nyundo ya kupimia goti, na hao wakiingia wodini wote tunanyamaza.

Tuje kwenye shaka yako. Kuvutwa na mwalimu si aibu. William Osler, daktari na mwalimu aliyeanza kazi hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1889, alisema kaburi lake halihitaji maandishi zaidi ya kwamba aliwafundisha wanafunzi wodini. Wengi wetu tuliingia hivyo. Ila jipime. Usijipime kwa siku ya kwanza ya mgonjwa, maana siku hiyo kila mtu ni mpelelezi. Jipime kwa siku ya tano. Ugonjwa umeshajulikana, bosi hasimami tena kitandani hapo zaidi ya dakika mbili. Mgonjwa ni mama mwenye moyo uliochoka, kisukari, na figo zinazoyumba. Dawa ya kutoa maji mwilini inamwezesha kupumua, lakini kila unapoiongeza figo zinalalamika. Ukiipunguza, usiku analala ameketi. Unabadilisha dozi kidogo, unampima uzito asubuhi, unatazama miguu, unaongea na mwanawe anayetaka kujua atatoka lini, kesho unarudia. Kama hiyo siku ya tano inakupa usingizi, nenda kwenye upasuaji kwa amani, nao wanahitaji watu. Kama unajikuta njiani kurudi bwenini unaifikiria ile dozi, basi si mwalimu peke yake uliyempenda.

Na fanya hili kabla hujajaza fomu yoyote: chagua mgonjwa mmoja, mfuate tangu anapolazwa, usimwache hata zamu yako ikiisha. Nenda naye mpaka kliniki ya kwanza baada ya kuruhusiwa. Humo ndimo utakapogundua kwamba nusu ya dawa tulizomwandikia hazitumii, na sababu yake ni ya maana kuliko ulivyodhani.

Daktari, naomba kujua mafunzo yanachukua miaka mingapi. Pia nataka kuwa daktari wa moyo. Je, niseme sasa hivi ili wanijue?

Urefu unategemea unakosomea. Marekani ni miaka 3 ya magonjwa ya ndani baada ya shahada ya udaktari, kisha moyo miaka 3 mingine. Homoni na kisukari ni 2. Uingereza ni miaka 2 ya msingi kwanza, kisha 3 ya magonjwa ya ndani kwa mfumo ulioanza 2019, ndipo uingie kwenye ubobezi wa miaka kama 4 au zaidi. Uliza utaratibu wa huko unakokusudia kabla hujapanga harusi.

Kutangaza moyo sasa hivi hakuna anayekuzuia, ila usije ukaacha kusikiliza mapafu kwa sababu "si yangu". Rafiki yangu aliyejiita daktari wa moyo tangu mwaka wa pili leo anatibu magonjwa ya damu na hataki kukumbushwa. Waangalie wale waliokwisha kuzeeka kwenye fani unayoitamani, usiwatazame vijana wake. Daktari wa moyo huamshwa usiku hata akiwa na mvi, kwa sababu mshipa wa moyo ulioziba haungoji asubuhi. Wa baridi yabisi na wa homoni wengi hushinda kliniki. Na kubaki bingwa wa jumla si kushindwa kuchagua, ingawa wapo watakaokutazama hivyo. Mwaka 1996 Robert Wachter na Lee Goldman waliandika kuhusu madaktari wa Marekani wanaofanya kazi na wagonjwa waliolazwa tu, wakawaita "hospitalist". Leo ni kazi ya maelfu huko.

Daktari, wiki iliyopita amefariki mgonjwa wangu wa kwanza, mama mwenye ugonjwa wa ini niliyemchukua vipimo kila asubuhi kwa siku kumi na tisa. Nilijifungia chooni nikalia. Daktari aliye juu yangu akaniambia nikishazoea ndipo nitakuwa daktari. Naogopa sitazoea. Nitafute fani nyingine?

Pole sana. Kwa siku kumi na tisa nafikiri ulimjua kuliko sisi wote.

Sikubaliani na mkubwa wako. Wagonjwa wetu wengi hawaponi, tunaishi nao tu: figo, ini, moyo, saratani. Kwa hiyo kuna ujuzi wa kifo, na unafundishika kama kusikiliza moyo. Jifunze kwamba mofini kidogo, ile dawa kali ya maumivu, inaweza kumpunguzia mtu dhiki ya kukosa pumzi. Jifunze kuwaambia ndugu leo, wakiwa wameketi, kile ambacho kesho utalazimika kuwaambia wamesimama koridoni. Ukivijua hivyo hutaacha kuumia, ila utakuwa na la kufanya mikono yako ikitetemeka.

Na choo ninacho hata mimi. Ghorofa ya pili, mwisho wa korido, mkono wa kushoto. Kitasa chake hakishiki, kwa hiyo ukipita bisha hodi.