Muulize Mjomba: Sahani ya kijani "ya Kilwa", nichukue?

SWALI: Shikamoo mjomba. Nimeanza kupenda kaure za zamani za Kichina, zile za kijani wanaita seladoni. Sasa kuna jamaa kaniletea sahani, inang'aa balaa, chini ina muhuri wa Kichina, anasema imechimbuliwa Kilwa na ina miaka mia saba. Anataka laki nane. Picha nimekutumia, nichukue au napigwa?
Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba mjomba. Laki nane iache mfukoni kwanza. Habari ya Kilwa yenyewe ni kweli, seladoni za Longquan, jimbo la Zhejiang kule China, zilishushwa sana pwani yetu toka enzi za wafalme wa ukoo wa Song na Yuan mpaka Ming, vigae vyake vimeokotwa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, hadi Kaole hapo Bagamoyo, ndo maana siku hizi kila mwenye sahani ya kijani basi imetoka Kilwa.

Shida ni huo muhuri. Unasomeka Qianlong, jina la mfalme wa China, na huyo katawala 1736 mpaka 1795, sasa hiyo miaka mia saba imetoka wapi? Halafu Longquan za zamani kwa kawaida hazina muhuri wa mfalme kabisa. Angalia na kitako: pale pasipofunikwa na ule mng'ao, udongo wa Longquan una chuma kwahiyo kwenye tanuri unaungua unakuwa mwekundu-kahawia wenyewe, wako ni mweupe uliopakwa rangi, mistari ya brashi inaonekana jamani!

Na hata ingekuwa orijino, ndo balaa zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, huchimbui wala husafirishi nje bila kibali. Nenda Kunduchi uone nguzo za makaburi zilivyobaki na matundu, mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa humo yameshabanduliwa na watu wa aina hiyo hiyo.

Kama unapenda kweli, nunua Longquan mpya kwa bei ya kitu kipya, wanachoma mpaka leo na UNESCO waliutambua ufundi wao 2009. Macho kayazoeshe Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, vitu vya Kilwa vipo pale.

Jamaa akikupigia tena muulize kibali kiko wapi, utasikia mtandao unasumbua.