Ile Picha ya Davos na Skafu Isiyo Yangu

Mdogo wangu, sauti yako nimeisikiliza kwenye treni, nikairudia jikoni. Unasema Buyenzi nzima, mtaa wetu wa Bujumbura, inajua kwamba kaka yako kasajiliwa na timu ya mpira wa magongo ya barafuni ya Davos, huku Uswisi, mji wanakokutana marais kila Januari, na shangazi keshawaonyesha picha yangu hadi majirani wa mtaa wa pili. Unasema mtu kapatikana wa kukinunua kiwanja cha Kinama, na ukishika pesa tu, nawe unaanza safari.

Nimekasirika, sikufichi. Hasira si yako. Ni yangu mwenyewe, kwa kutuma picha bila maneno.

Maneno yake ni haya. Ile skafu ya manjano na bluu, rangi za timu ya Davos, shingoni si yangu. Niliikuta chini ya kiti, mshabiki kaisahau. Mwenzangu akasema simama hapo karibu na barafu nikupige, nikasimama. Kisha nikaipeleka kwenye dawati la vitu vilivyopotea, nikarudi kwenye ndoo yangu.

Kombe la Spengler, mashindano ya mpira wa magongo ya barafuni ya hapa Davos, huchezwa kila mwaka kuanzia tarehe 26 hadi 31 Desemba. Mechi ni mbili kwa siku, ya mchana na ya usiku, isipokuwa siku ya mwisho yenye fainali peke yake, na kati ya hizo mbili ndipo sisi wasafishaji tunaingia. Nafasi za watazamaji zaidi ya elfu sita. Gilasi za plastiki, karatasi za soseji, haradali iliyokauka kwenye mbao. Bia iliyomwagika kwenye ngazi za nje huganda, lazima uikwarue kabla mtu hajavunjika mguu. Nilivaa glavu za sufu, juu yake za mpira, na bado vidole vilipasuka hadi nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Usiku mmoja mwanamume wa rika langu aliniwekea gilasi yake tupu mkononi bila kunitazama, akaendelea kuimba. Hakunitukana. Hata neno hakusema. Nilibaki nimeishika ile gilasi, na namkumbuka mpaka leo.

Hata hivyo mashindano yenyewe siyachukii. Nayapenda, na jibu lako limo humo humo.

Aliyeyaanzisha mwaka 1923 ni daktari aitwaye Carl Spengler. Baba yake, Alexander, alikuwa mkimbizi. Ndiyo, mkimbizi kama mimi. Alikuwa Mjerumani aliyeingia kwenye mapinduzi ya 1848 na 1849, yaliposhindwa akakimbilia Uswisi, akasomea udaktari Zurich, na mwaka 1853 akawa daktari wa huku milimani. Yeye ndiye aliyetangaza kwamba hewa ya Davos inawafaa wenye kifua kikuu. Wagonjwa wakaja kutoka kila pembe ya Ulaya, kijiji kikawa mji. Mtoto wake naye, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akaona Wajerumani wamefungiwa milango ya mashindano ya kimataifa, akataka vijana wa nchi zilizouana wakutane tena barafuni. Kombe la kwanza walilichukua wanafunzi wa Oxford, Wakanada wengi kati yao. La 1924 likaenda kwa klabu ya Berlin. Hebu fikiria, miaka sita tu baada ya vita! Na walicheza nje, theluji ikiwaangukia. Uwanja wenye paa la mbao unaouona nyuma yangu pichani ni wa 1979.

Kisa kinachonikosesha usingizi ni cha 1948. Nilisimuliwa na mzee mmoja wa Kicheki tuliyekuwa tukisafisha naye jukwaa moja. LTC Praha, klabu ya kwao Chekoslovakia, ilikuwa imelichukua kombe hili mara nyingi. Desemba ile walikuja wakati wakomunisti wameshashika nchi tangu Februari. Wakalichukua tena. Kisha wakakaa kuamua: tubaki au turudi? Wengi wakarudi, walikuwa na wake, walikuwa na wazazi. Wachache hawakurudi, mmoja wao Miroslav Sláma. Mwaka 1949 nchi yao ikawa bingwa wa dunia. Machi 1950, timu ya taifa ikijiandaa kuruka kwenda London kutetea ubingwa, ikazuiwa, na wachezaji wakakamatwa kwa madai ya kupanga kutoroka. Golikipa Bohumil Modrý alihukumiwa miaka 15, akafanyishwa kazi kwenye machimbo ya urani. Aliachiwa baadaye, lakini afya ilikuwa imekwisha. Alifariki 1963 hajafika miaka 50. Mzee yule anayataja majina yao mmoja mmoja kama sisi tunavyowataja marehemu wetu kwenye hitma.

Unaona nilipo? Nikisikia waliorudi walivyofanywa, nasema nilifanya vyema kuondoka Burundi 2015. Halafu namkumbuka mama.

Mama alipofariki, wewe ndiye uliyeingia kaburini kumpokea. Mimi mtoto wa kwanza, nafasi ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeketi juu ya kitanda, simu sikioni, nasikia udongo ukishuka. Watu walisema sikuja kwa ubahili wa nauli. Nauli nilikuwa nayo! Nilichokosa ni ruhusa. Nina kibali F. Maana yake nimepokelewa kwa muda, kinaongezwa mwaka kwa mwaka, na nyumbani sitakiwi kukanyaga. Nikikanyaga, wataniuliza ulikuwa unakimbia nini. Hata kuvuka mpaka kwenda kumwona rafiki Ufaransa naomba kwanza. Wale Wakanada wanaoleta timu Davos tangu 1984 wengi wao hucheza kwenye klabu za Ulaya, nao Krismasi inawakuta mbali na kwao. Ila msimu ukiisha wanapanda ndege. Mimi msimu wangu hauishi.

Kwa hiyo usije. Nakwambia kama kaka yako: usije, na njia ile ya Libya usiitaje tena mbele yangu.

Na kama utakuja, maana nakujua kichwa chako, njoo na kitu mkononi. Maliza kwanza ufundi umeme wako, cheti kitafsiriwe, kipigwe mhuri. Kijerumani anza leo, usisubiri kufika. Mimi nilikaa miaka miwili naitikia “ja” kwa kila kitu, hata nilipokuwa nadhulumiwa saa za kazi. Ukipata barua ya serikali usiiweke kando hata siku moja. Na usinifanye mimi kuwa mpango wako, chumba changu kinatosha kitanda na meza.

Lakini wakianza tena kugonga milango usiku kama mwaka ule, usiulize mtu, hata mimi. Ondoka. Chumba kitatutosha.

Wanaosema natuma kidogo, waache waseme. Sitawaeleza bima ya afya na kodi ya nyumba zinavyokata mshahara kabla sijaugusa.

Kiwanja usiuze. Baba alikinunua kwa miaka ya kubeba mizigo sokoni, na ndicho pekee chenye jina letu. Ada yako nimetuma leo asubuhi. Ni malipo ya siku zile sita za Desemba, yote. Ikifika niandikie, usinitumie sauti, maana simu yangu inakaa kabatini hadi zamu iishe. Shangazi naye mweleze habari ya skafu, ila mkiwa wawili tu, usimuaibishe mbele ya watu. Picha asiifute.