Picha zangu za ndege zinacheza nikiwa mtumbwini: ninunue stendi au lenzi kubwa?

SWALI: Niko Bombo, Uganda. Nina kamera yenye sensa ndogo (APS-C) na lenzi ya 70–300mm, f/4.5–5.6. Nilikwenda Mabamba, bwawa la mafunjo kando ya Ziwa Victoria, kumpiga picha korongo-nyangumi, yule bbulwe wa Waganda. Tuliingia majini kama saa nne asubuhi, tukamkuta. Nilipozifungua picha kwenye kompyuta nikakuta nyingi zimecheza, bbulwe ana uso mweusi, na yangeyange ni weupe mtupu, hata unyoya hauonekani. Nilikuwa nimeiacha kamera kwenye otomatiki. Rafiki mmoja anasema ninunue stendi ya miguu mitatu, mwingine lenzi ya 600mm. Nianze na ipi?

JIBU: Usinunue chochote kwa sasa. Stendi ndani ya mtumbwi ni mzigo: miguu yake inakanyaga ubao uleule unaoyumba, na mtetemo wa injini unapanda moja kwa moja hadi kwenye kamera. Lenzi ya 600mm nayo itakuza kila kasoro uliyonayo mara mbili.

Kwanza jua picha zimeharibika kwa namna gani, maana "zimecheza" ni jina moja la magonjwa manne. Zikuze hadi asilimia 100, uangalie jicho la ndege, kisha mafunjo yaliyo kando yake. Vyote viwili vikiwa vimevutika upande mmoja, kila nukta imekuwa kimstari, basi kamera ndiyo iliyotikisika. Mafunjo yakiwa makali na ndege pekee amevutika, ni yeye aliyejongea. Ndege akiwa laini ilhali jani la mbele yake limetoka kali, fokasi ilikamata jani. Namna ya nne ndiyo inayowapotosha wengi: hakuna kilichovutika wala kilicho kali, kingo zote zimepindapinda kama kitu kinachotazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Hilo ni joto. Jua likishapanda, hewa iliyo karibu na maji na majani hupata joto kwa viwango tofauti, na mwanga ukipita humo unapinda. Hakuna mpangilio wa kamera unaolitibu, na kadiri unavyompiga ndege kutoka mbali ndivyo linavyozidi. Kwa saa mliyoingia majini, nina hakika sehemu ya picha zako ni za kundi hili.

Dawa yake ni saa. Huku kwetu karibu na ikweta jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kisha linapanda karibu wima. Mwanga mzuri unaisha mapema. Ikifika saa tatu hivi kazi kubwa iwe imekwisha, isipokuwa siku ya mawingu, ambayo kwa picha za ndege ni bora kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka Bombo upite Kampala, ushike barabara ya Masaka kisha ukate kushoto kwenda Kasanje, alfajiri hiyohiyo? Hutawahi. Lala Entebbe, uvuke kwa boti kutoka Nakiwogo.

Sasa kamera. Toka kwenye otomatiki, weka modi ya M (ya kujipangia mwenyewe), kisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, uiache ijipange yenyewe na kikomo cha 3200, au 6400 kama mbingu ni nzito. Upenyo, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga, weka f/5.6 au f/7.1; lenzi za aina yako kwa kawaida huwa laini kidogo kwenye 300mm upenyo ukiwa wazi kabisa. Kasi ya shata (sehemu ya sekunde ambayo kamera inapokea mwanga) isishuke chini ya 1/1000 ukiwa mtumbwini. Ile kanuni ya kulinganisha kasi na urefu wa lenzi ingekupa kama 1/450 kwa sensa yako (300 mara 1.5), lakini hiyo ni ya mtu aliyesimama nchi kavu. ISO ikipanda utaona chenga, punjepunje kwenye picha. Zivumilie: programu ya kuhariri inapunguza chenga, lakini picha iliyocheza haina programu inayoirudisha sawasawa. Kitulizo cha lenzi kiache kimewashwa, ila ujue kinatuliza mkono wako tu. Ndege akigeuza shingo hakina msaada.

Fokasi iwe ya kufuata (AF-C, au AI Servo kwa Canon), na uchague nukta moja tu uiweke kwenye jicho. Ukiipa kamera uhuru wa kuchagua, itakamata unyasi ulio karibu, na Mabamba ni unyasi mtupu. Hapa nafasi ya kukosea ni ndogo sana. Kwa 300mm na f/5.6, ndege aliye mita 20 ana kina cha ukali (eneo linalotoka kali, mbele hadi nyuma) cha karibu mita 1, hivyo bbulwe mzima anaenea. Mdiria mdogo aliye mita 5 ana takriban sentimita 6 tu: ukikamata mkia, jicho limekwenda.

Kuhusu weupe na weusi, kamera haijui ndege ana rangi gani. Inachukua wastani wa fremu nzima na kuupeleka kwenye kijivu. Yangeyange mdogo mbele ya mafunjo yenye kivuli anaifanya kamera ione giza, iongeze mwanga, na ndege anaungua. Punguza fidia ya mwanga (kitufe cha +/−) hadi −1. Bbulwe mbele ya anga jeupe au maji yanayong'aa ni kinyume chake: ongeza +0.7 hadi +1, na ndege anayeruka dhidi ya mawingu hata +1.7. Bbulwe akiwa mbele ya majani ya kijani acha kwenye 0, kwani ukijivu wake unakaribiana na ule kamera inaoutafuta. Washa onyo la weupe uliopitiliza: sehemu iliyoungua inamweka-mweka kwenye kioo unapoirudia picha. Piga faili ghafi (RAW), si JPEG peke yake. Ghafi inaokoa kivuli, na kidogo pia weupe. Ila kivuli cha saa tano kinachodondoka juu ya jicho la bbulwe kutoka kwenye paji la uso wake hakiondoki vizuri kwa fidia yoyote.

Ndani ya mtumbwi, mwombe mwendeshaji azime injini mapema na kusogea kwa pondo. Kaa chini, si juu ya ubao wa kukalia, viwiko juu ya magoti. Au weka mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za maharage kwenye ukingo, lenzi ilale juu yake. Mwenzako asisimame.

Je, 300mm inatosha? Hesabu ni rahisi: zidisha urefu wa ndege kwa urefu wa lenzi, ugawe kwa umbali. Bbulwe wa mita 1.2 aliye mita 20 anachukua milimita 18 kwenye sensa ambayo kimo chake ni kama milimita 15. Yaani anazidi fremu ya kulala, itabidi ugeuze kamera wima. Kwa ndege huyu lenzi yako ni kubwa ya kutosha. Itakupungukia kwa ndege wadogo kama chozi na wale wa vichakani. Hapo ndipo mazungumzo ya 600mm yaanzie.

Bbulwe husimama kimya muda mrefu akivizia samaki aitwaye kamongo. Akiinamisha domo na kuanza kuegemea mbele, panda hadi 1/2000, weka upigaji wa mfululizo, na rudisha zumu hadi 150mm, kwa sababu anajitupa mwili mzima na mabawa yake yakifunguka yanapita mita 2. Wengi hukata mabawa hapo. Akiinua shingo na kuwatazama nyinyi, au akianza kupiga hatua, mmeshamkaribia mno, rudini nyuma. Msikate mafunjo kutafuta uwazi, na msimfuate akiruka.

Kabla ya kurudi huko, fanya mazoezi mjini. Kaloli, yule korongo mkubwa wa Kampala, ana mgongo mweusi na tumbo jeupe, hana haraka, na ni mtihani mzuri wa fidia ya mwanga. Akiruka ndio mtihani wa fokasi.

Ukirejea, usiifungie kamera ndani ya begi lenye unyevu. Ukungu unaota kati ya vioo vya lenzi, na kuusafisha kunaweza kugharimu karibu bei ya lenzi yenyewe. Tumia dumu la plastiki lenye mfuniko unaobana, vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo. Shika asilimia 40 hadi 50. Silika za rangi zikibadilika, zikaushe kwenye jiko kwa moto mdogo uzirudishe. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi Entebbe, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ungali ndani, uifungue nje baada ya nusu saa, la sivyo kioo cha mbele kitajaa umande wakati bbulwe yuko mbele yako.