Usiung'oe mstari kwenye sura yake

Mleta mada, simamisha huo mpango leo. Umeandika kwamba umeachishwa kazi, mama yako anaumwa, na rafiki yako wa maombi amekupa Yeremia 29:11 (pale Bwana anaposema anayajua mawazo anayowawazia watu wake, mawazo ya amani, kuwapa tumaini) uukiri asubuhi na jioni, usisome kingine "kisije kikashusha imani", na ile kazi ya muda uliyoitiwa uikatae kwa sababu kuikubali ni kumwonyesha Mungu kwamba huamini. Kisha ukauliza uanzie wapi kusoma, wakati gani wa siku unafaa, tafsiri ipi ni nyepesi, na umsomee mama nini. Hayo yatasubiri. Kwanza hilo la kukataa kazi, maana lilishapita nyumbani kwangu na najua lilichobomoa.

Nilipoachishwa kazi nami nilishikishwa mstari huo huo. Aliyenishikisha alikuwa mtumishi niliyemheshimu, na akaongeza tarehe: kabla mwaka haujaisha nitarudishwa kwenye nafasi yangu. Nikakataa kibarua kilichokuja. Nikakopa, nikawaahidi wanaonidai kwamba mwisho wa mwaka nitawamalizia. Nikamkataza mke wangu kulia mbele yangu, kwa kuwa tulifundishwa kwamba machozi ni kukiri kushindwa. Mwaka ukaisha, nafasi ile akapewa mtu mwingine.

Madeni yalilipika baadaye, taratibu, kwa vibarua vya aina ile ile niliyoikataa. Hasara kubwa haikuwa fedha. Niliifunga Biblia. Kwa mafundisho niliyopewa kulikuwa na majibu mawili tu: ama Mungu amesema uongo, ama imani yangu ni mbovu. Ukiamini lolote kati ya hayo huwezi kukifungua Kitabu kwa amani. Basi kipindi nilichokihitaji kuliko vyote nilikipitisha bila Neno. Na yule mtumishi? Alinijibu kwamba nilikuwa na "shaka iliyofichika". Jibu hilo linanikasirisha hadi leo. Unamtwika mtu ahadi ambayo Mungu hakumpa, na ikianguka unamlaumu yeye kwamba hakuibeba vizuri!

Laiti angeniambia nisome mstari wa 10. Mstari mmoja tu nyuma! Pale Bwana anasema atawajilia watu wake Babeli itakapotimiziwa miaka 70. Sabini, ndugu yangu. Ile ni barua kwa watu waliokwisha kuchukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia, na wengi walioisikia ikisomwa walijua watazikwa huko huko Babeli. Sasa rudi sura ya 28 uone kwa nini barua iliandikwa vile. Kuna nabii anaitwa Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi na mateka watarudi. Na Yeremia hakumrukia. Alisema "Amina", Bwana na afanye hivyo, kwa sababu naye alitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli. Hanania akaichukua nira shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kama ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, akaivunja watu wakitazama. Yeremia alirudi kumwambia kwamba Bwana hakumtuma na kwamba anawatumainisha watu uongo, na Hanania akafa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Niliposoma sura hizo mbili kwa mfululizo nilielewa nani alikuwa amenihubiria. Mstari ulikuwa wa Yeremia, ujumbe ulikuwa wa Hanania.

Sasa tazama barua yenyewe inawaagiza nini watu waliopoteza kila kitu. Wajenge nyumba wakae ndani yake. Wapande bustani wale matunda yake. Waoe, wazae. Wautakie amani mji ule waliopelekwa na kuuombea kwa Bwana. Yaani wafanye kazi papo hapo walipo, katika hali ambayo hawakuichagua, huku wakimngoja Mungu. Anayekwambia ukatae kazi kwa jina la Yeremia 29 anakwenda kinyume na Yeremia 29.

Kanuni yangu ni moja na sitaibadilisha: usichukue nguvu kwenye mstari ambao sura yake hujaisoma. Hata Ibilisi kwenye Mathayo 4 alinukuu Zaburi ya 91, tena maneno yenyewe ya malaika kukuchukua mikononi mwao, akamwambia Bwana ajitupe chini. Na Yesu alimjibu kwa Kumbukumbu la Torati. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", ni hivyo hivyo. Mstari wa 12 Paulo anasema amejifunza kushiba na kuona njaa, na anaandika akiwa kifungoni. Nguvu anayoitaja ni ya kubaki na Kristo katika hali zote mbili. Mimi nguvu hiyo imenishika kuliko ahadi zote za tarehe, kwa sababu haikuningoja nifanikiwe ndipo inifikie.

Huyo rafiki anayekuzuia usisome vinavyoshusha imani atakunyima nusu ya Zaburi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaisha gizani, hakuna shangwe mwishoni, na bado imo ndani ya Maandiko. Siku niliyoisoma ndipo nilipoweza kuomba tena. Niligundua Mungu ameniwekea maneno hata ya siku ambayo sina la kumsifu. Na nabii Eliya chini ya mti wa mretemu kule jangwani, 1 Wafalme 19, aliomba afe; malaika hakumkemea, alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena.

Kwa mama, msomee Zaburi ya 13 yote, polepole, na umwache alie akitaka. Asiache dawa. Mfalme Hezekia alipougua, nabii aliyemletea neno la kupona ndiye huyo huyo Isaya aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Iko Isaya 38.

Usiku huu soma Yeremia 28 na 29 kwa kikao kimoja. Ukimaliza mtumie na huyo rafiki yako asome. Na hao waliokuitia kazi, wapigie asubuhi kabla nafasi haijajazwa.