Dhahabu ya mama ama bitcoin ya kaka?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Nimepokea zamu yangu ya chama, laki mbili taslimu, na sitaki kuzigusa mpaka mwanangu aingie chuo, kama miaka kumi hivi. Kakangu kanikalia kichwani ninunue bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, mamangu asema niende kwa sonara Mji wa Kale nichukue bangili. Nimsikize nani? – Mama wa Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu. Mamako ana haki, lakini nusu tu. Juzi nilimsindikiza mke wangu kuuza kidani chake cha harusi, karati 18, yaani sehemu 18 kati ya 24 ndiyo dhahabu. Sonara akavaa miwani, akang'oa vijiwe akavitia kwenye kisahani, akapima, gramu 20, akasema haya, dhahabu yenyewe humu ni gramu 15, vijiwe chukueni wenyewe, na ule ujira wa nakshi tuliolipa siku ile hata hakuutaja. Mke wangu alinuna mpaka nyumbani.

Kwa hivyo ukienda, itisha bangili tupu, haina mawe haina mapambo, yenye muhuri wa 916 yaani karati 22, na kwenye risiti uzito na karati ziandikwe, ujira kando. Na usidhani dhahabu hupanda tu, mwaka 2011 wakia moja, kama gramu 31, ilipita dola 1,900, 2015 ikashuka hadi kama 1,050, na mpaka ikarudi pale ilikuwa ni 2020.

Sasa kakako. Bitcoin haina sonara wa kukukata, na ni kweli hazitazidi milioni 21, hilo limewekwa kwenye programu yake. Lakini Novemba 2021 moja ilikaribia dola 69,000, mwaka mmoja baadaye iko chini ya 16,000, yaani laki mbili zako zingebaki kama elfu arobaini na sita hivi kwa hesabu ya dola. 2024 ilirudi juu, sawa, lakini kama ada ya chuo yatakiwa mwaka ule wa kushuka utamwambia nini mtoto?

Halafu kuna yale maneno 12 ya siri, ndiyo ufunguo wa bitcoin zako, ukiyapoteza pamoja na simu huzifikii tena. Kijana wa jirani yetu aliyaandika kwenye simu tu, simu ikamponyoka ferini Likoni, chubwi. Hela zake mpaka leo aziona kwenye kompyuta, ziko palepale, na hawezi kuzigusa wala hakuna ofisi ya kwenda kulia.

Mimi ningetia laki na themanini kwenye dhahabu niiweke loka ya benki, si kabatini, maana wezi nao wajua msimu wa harusi. Ile elfu ishirini mpe kakako akununulie bitcoin, lakini kwa jina lako na kwa simu yako, na maneno 12 yaandike wewe mwenyewe kwa kalamu, karatasi mbili, moja uweke loka na nyingine mamako aifungie pamoja na hati ya nyumba.